Hasara Hushuka: Namna Dhuluma Zinavyoshikana Katavi

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa 2015-16 uliitaja Katavi kuwa mkoa unaoongoza nchini kwa mimba za utotoni. Katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Utafiti wa 2022 ukaishusha Katavi hadi 34, nyuma ya Songwe na Ruvuma, na baadhi ya watu wakapumua. Mimi sikupumua, kwa sababu maelezo tunayoyatoa kuhusu namba hizo hayajabadilika: mabinti wana tamaa ya chipsi na lifti za bodaboda, wazazi wamelegea, Wasukuma wamekuja na chagulaga yao.

Kila maelezo hapo yana ukweli ndani yake. Chagulaga ipo, ile desturi ya vijana wa kiume kumzunguka msichana njiani na kumtaka achague mmoja wao, huku kukataa wote si jibu wanalolikubali. Bodaboda wapo pia, na wapo wasichana wa sekondari za kata waliopanga geto jirani na shule kwa sababu nyumbani ni mbali, wakiishi bila mtu mzima wa kuwaangalia. Lakini maelezo yote matatu yanaanza kwa msichana na kuishia kwake. Hayaulizi kwa nini familia yake imehamia juzi, kwa nini ng'ombe wa baba wamepungua, kwa nini bibi yake hana shamba. Katavi tumezoea kuipa kila dhuluma kikao chake: ya ardhi ina chake, ya uraia ina chake, ya wanawake, ya wazee, ya wenye ualbino. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba dhuluma hizo zimeshikana, na zimeshikana kwa namna inayoonekana kwa macho. Anayedhulumiwa na aliye juu yake humtafuta aliye chini yake amlipie hasara. Ukiifuata hasara hiyo inavyoshuka, mara nyingi mwisho wa njia utamkuta msichana wa miaka 15, au ajuza asiye na mtu wa kumtetea.

Tuanze na ng'ombe. Sensa ya 2012, mwaka ambao Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Uzazi peke yake hauwezi kuuongeza mkoa mara mbili ndani ya miaka kumi. Watu wamehamia, na wengi wao ni wafugaji na wakulima wa Kisukuma, ambao safari yao ya kushuka kuelekea bonde la Rukwa ilianza tangu miaka ya 1970. Hawakuondoka Usukuma kwa kupenda kutangatanga. Wakoloni walifyeka vichaka vya Usukuma ili kumwondoa mbung'o, wakahimiza pamba, mashamba yakapanuka, watu na mifugo wakaongezeka, malisho yakaisha. Wafugaji waliokimbilia bonde la Usangu waliondolewa huko 2006 na 2007, serikali ilipoamua kuiokoa ardhioevu ya Ihefu na maji ya mto Ruaha Mkuu. Katika Katavi wamekuta nchi ambayo sehemu yake kubwa haiguswi: Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilomita za mraba 4,471, mapori ya akiba yanayopakana nayo, na misitu ya hifadhi kila upande.

Wenyeji nao, Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Watongwe, wana historia yao ya kusukumwa. Kwa jina la kupambana na malale, serikali ya Mwingereza ilizihamisha jamii nyingi za magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vya asili na kuzikusanya pamoja. Nchi iliyobaki tupu ikageuka nchi ya wanyama. Miaka ya 1970 wakahamishwa tena katika vijiji vya ujamaa. Kwa hiyo Mpimbwe anayelia kwamba ng'ombe wamemaliza mpunga wake analia kwa haki, na Msukuma anayefukuzwa kila anapotua analia kwa haki. Wanagombana wao kwa wao juu ya vipande vilivyobaki baada ya wakubwa kumaliza kugawa.

Mfugaji akikamatwa ndani ya hifadhi hutozwa faini kwa idadi ya ng'ombe, au mahakama huamuru mifugo itaifishwe. Sisemi hifadhi zisilindwe. Nimewaona viboko wa mto Katuma wakibanana kwenye tope kiangazi, na najua nini kinatokea pale maji ya juu yanapochepushwa kwenye majaruba na mifugo inapokanyaga kingo. Nasema tutazame kinachofuata. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013, iliyotangazwa kuwa ya majangili wa tembo, iliwaangukia wafugaji katika mikoa mingi. Raia waliuawa, wengine waliteswa, mifugo ikapigwa risasi, na ripoti ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli iliwagharimu mawaziri wanne nafasi zao Desemba ile. Mawaziri waliondoka. Ng'ombe hawakurudi.

Mwanamume aliyepoteza nusu ya kundi lake anarudi nyumbani na hasara asiyoweza kuipeleka juu. Hawezi kumdai askari wa hifadhi wala hakimu, na diwani aliyempokea kwa tabasamu wakati wa kampeni hapokei simu. Bomani amebaki na njia moja ya kupata ng'ombe bila fedha, nayo ni mahari. Binti aliyekuwa darasa la saba anaacha kuwa mwanafunzi na kuwa fidia. Baba huyo ametenda kosa, na sheria imshike. Kueleza njia ya hasara si kumtetea aliyeipitisha. Lakini anayesema tatizo ni mila ya Kisukuma atueleze kwa nini ndoa za aina hiyo zinaongezeka ukoo unapofilisika na kupungua unapotulia. Mila ndiyo hiyo hiyo. Kinachobadilika ni deni.

Na kulipa deni kwa binti hakukuanzia kwa Wasukuma. Mwanahistoria Marcia Wright, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu watumwa na wanawake wa ukanda huu ulio kati ya maziwa ya Nyasa na Tanganyika, anafuatilia maisha ya wanawake wa mwishoni mwa karne ya 19 waliotekwa, waliouzwa, na waliotolewa kwa watu wengine kufidia kosa au deni la ndugu zao wa kiume. Mwanamke aliyetengwa na ukoo wake alikuwa rahisi kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono. Karema, kwenye mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, Mapadre Weupe walikuwa wakikomboa watoto wa kike na wa kiume, wakawalea misheni na kuwaozesha wao kwa wao. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa udaktari Malta, akatibu watu wa Karema kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi alipofariki 1956. Tunamkumbuka Atiman, na tunafanya vema. Wasichana waliokombolewa pamoja na wenzao wa kiume hawakupelekwa Malta kusomea udaktari. Walitoka utumwani wakaingia ndoa waliyopangiwa, na hata kwa waliokuwa na nia njema hilo halikuonekana kuwa jambo la kujadiliwa.

Turudi kwa bibi asiye na shamba. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yametikisa kanda ya ziwa na mikoa ya magharibi kwa miongo, na macho mekundu yametajwa mno kama ushahidi. Macho hayo mekundu yana historia ya mazingira. Pale ambapo miti ilikwisha, wanawake walipikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake huunguza macho kwa miaka arobaini au hamsini ya maisha ya jikoni. Ufyekaji wa vichaka, kilimo cha pamba na kazi ya jikoni iliyoachiwa mwanamke peke yake vinakutana katika uso wa mwanamke mmoja, kisha uso huo unasomwa kama hati ya mashtaka. Mtoto akifa kwa malaria kwa sababu zahanati haina dawa, mganga wa ramli hamtaji anayehusika na dawa. Humtaja bibi.

Na huyo bibi, mara nyingi mjane, yuko juu ya ardhi ambayo wengine wanaitaka. Tamko la sheria za kimila la 1963, ambalo halijafutwa, linamnyima mjane urithi na kumwacha atunzwe na watoto wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki. Sheria hizo mbili zinaishi katika kijiji kimoja, na mwenye haraka ya kupata shamba anajua ipi aishike. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiona Tanzania ina makosa katika shauri la wajane wawili walionyimwa urithi chini ya tamko hilo. Katika vijiji vyetu, waganga wa lambalamba wakipita kufukua hirizi huku kila kaya ikichangishwa fedha, kijana anayetaka shamba la marehemu baba yake mkubwa hahitaji wakili. Tuhuma inatosha.

Mauaji ya watu wenye ualbino yamefuata mkondo huohuo. Januari 2009 Mizengo Pinda, Waziri Mkuu aliyetoka Mpimbwe hapa hapa, alilia bungeni akizungumzia mauaji hayo. Watafiti Bryceson, Jønsson na Sherrington waliyahusisha mwaka uliofuata na uchimbaji mdogo wa dhahabu, shughuli ya kubahatisha ambayo humfanya mchimbaji aliyefilisika aamini kwamba kiungo cha mtu mwingine kitamfungulia mwamba. Hasara ya shimoni inalipwa na mtu asiyewahi kushika sururu.

Sasa Mishamo na Katumba, ambako nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiko mkoa wetu unakojifunza kusahau haraka. Katumba ilianzishwa 1973 na Mishamo 1978 kwa ajili ya Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Waligawiwa mashamba porini, wakafyeka, na ndani ya miaka michache wakawa wanalisha mkoa mahindi na maharage na kulima tumbaku. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliwasikia wakisema kwamba wamewekwa msituni ili jasho lao liineemeshe nchi isiyowahesabu kuwa wake. Mwaka 2007 walipewa chaguo la kurejea Burundi au kuomba uraia, na wengi wakaomba. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Ila kulikuwa na sharti: waondoke Katumba, Mishamo na makazi ya tatu ya Ulyankulu, watawanywe mikoa mingine. Walikuwa wamekwisha kuukana uraia wa Burundi, na vyeti vya Tanzania havikutolewa. Zoezi la kuwahamisha likakwama 2011. Vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa miaka hiyo huduma za makazi zilidorora, kwani nani angejenga darasa mahali palipopangwa kufungwa?

Katika simulizi hiyo, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama jambo la siasa za mipaka, mtafute mwanamke. Shamba lilipimwa kwa kaya, na kaya ilijulikana kwa jina la mume. Mke aliyetaka kumkimbia mume mkatili alikuwa anakimbia kutoka kwenye shamba lake pekee, huku akihitaji kibali cha kuvuka geti. Sheria ya Uraia ya 1995, hadi ninapoandika, inampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, na haimpi mume mgeni wa Mtanzania njia hiyo. Mwanamume wa Mpanda aliyeoa Katumba alimfungulia mkewe mlango. Mwanamke wa Mpanda aliyeolewa Katumba hakuwa na mlango wa kumfungulia mumewe. Ukizungumzia haki za wakimbizi bila kuzungumzia jinsia, kifungu hiki kinakupita. Ukizungumzia haki za wanawake ukiwaacha "Warundi" nje, kinakupita vilevile. Na neno hilo, Warundi, bado linatumika kwa watu wenye vyeti vya uraia mkononi. Linatumika zaidi msimu wa tumbaku.

Mkulima wa tumbaku huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, kwa dhamana ya pamoja. Mteuzi akilishusha daraja la jani lake sokoni, deni linabaki palepale na mapato yanapungua. Huyo mkulima ni mnyonge wa kweli mbele ya kampuni inayonunua. Lakini ana kibarua aliyemwahidi ujira baada ya mauzo, na kibarua akiwa mtu anayeogopa kuulizwa kitambulisho, ujira huo ndio wa kwanza kukatwa. Ana mke pia, aliyepalilia, aliyekata kuni za bani la kukaushia tumbaku na kufunga majani usiku, ambaye hayumo kwenye daftari la wanachama. Chama kikidhulumiwa, gazeti linaandika. Mke hana gazeti.

Wapo wanaosema kwamba kufungamanisha mambo yote haya ni njia ya kutofanya lolote, kwa kuwa huwezi kumaliza ukoloni, sheria na umaskini kwa mpigo. Hoja hiyo ninaiheshimu. Lakini kutenganisha nako kuna gharama, na gharama hiyo imewahi kuonekana wazi mahakamani. Huko Marekani, wanawake weusi waliishtaki General Motors kwa ubaguzi. Mwaka 1976 mahakama ikaona kwamba kampuni ilikuwa ikiajiri wanawake, nao walikuwa weupe, na kuhusu ubaguzi wa rangi kulikuwa na kesi nyingine. Kuunganisha madai mawili kuwa moja ikakataa. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hiyo 1989 kuonyesha kwamba mtu anaweza kulindwa na sheria mbili na bado akadondoka katikati yake.

Msichana wa Katavi anadondoka katikati ya sheria nne. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtu chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ndoa ya 1971, katika vifungu vya 13 na 17, imemruhusu kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Na Kanuni ya Adhabu inalihesabu tendo la ndoa na binti wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, isipokuwa akiwa mke mwenye miaka 15 au zaidi. Zisome pamoja uone anayelindwa. Analindwa aliye darasani. Ambaye mzazi wake amehama mara tatu kutafuta malisho, ambaye shule iko kilomita nyingi, ambaye ameshindwa mtihani wa darasa la saba, si mwanafunzi tena, na ile miaka 30 haimhusu. Yaani mwanya wa sheria umekaa hasa pale ambapo umaskini, kuhamahama na jinsia vinakutana.

Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, iliyovitangaza kinyume cha Katiba Julai 2016 na kuipa serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaikataa Oktoba 2019. Mwaka ule mmoja ukapita, na mingine ikafuata. Katikati ya safari hiyo, Juni 2017, Rais Magufuli alitangaza kwamba aliyepata mimba harudi shuleni. Mlango ukafunguliwa tena Novemba 2021. Wasichana wa Katavi waliopata mimba katika miaka hiyo minne sasa ni wanawake. Ukitaka kujua watoto wao wataanzia wapi maisha, angalia mama aliishia darasa gani.

Ninaiona kasoro hiyohiyo katika nia njema. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Msichana wa miaka 19 mwenye ualbino, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Mishamo, ana sifa ya kuingia madirisha yote matatu, na hatari ya kila dirisha kumwelekeza kwenye jingine. Mdogo wake wa miaka 17, mama naye, hana dirisha.

Halmashauri zetu tano, Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, hazihitaji kungoja Bunge katika hili. Wilaya ya Tanganyika ina vijiji vinavyopata fedha za hewa ya ukaa kwa kuutunza msitu wa Ntakata, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Basi uwepo utaratibu wa kuuliza, kijiji kwa kijiji, kama mjane anayeishi pembezoni mwa msitu huo ana hatimiliki ya kimila kwa jina lake. Na operesheni yoyote ya kuondoa mifugo inapopangwa, mbali na askari na afisa mifugo, mezani awepo pia afisa elimu wa kata husika na daftari la mahudhurio. Aandike wasichana wangapi wapo darasa la sita na la saba siku hiyo. Shule zikifunguliwa muhula unaofuata, ahesabu tena, na hesabu hiyo isomwe kwenye kikao kilekile kilichoidhinisha operesheni.